Mazabodi ya Kumposea Ruwaida

Jumatatu, 3 Februari
Nimeposa! Yaani, karibu. Nimemfuata Mzee Barka, babake Ruwaida, barazani kwake hapa Wiyoni. Akaniuliza kazi yangu nini. Ulimi ukanitangulia: fundi wa kompyuta. Akasema vyema, basi nimuundie moja ya nyumbani, niilete Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala. Ikiwaka, tutazungumza habari za Ruwaida. Isipowaka, Idarus naye amepeleka maneno. Idarus! Yule mwenye duka la kompyuta kule ng'ambo Mokowe, mpole mpaka anaudhi. Mimi sijawahi kuunda kompyuta. Ila redio nimewahi kuifungua.

Jumanne, 4 Februari
Binamu yangu Musab kanipa sanduku, prosesa, feni na vikorokoro vingine vyote. Imebaki mazabodi, ule ubao unaounganisha vyote. Mfuko mwepesi. Nikapiga moyo konde nikamuuliza Idarus. Akanichagulia moja ya bei nafuu: mpya, nafasi mbili za memori, haina mataa, ila prosesa yangu inaingia sawasawa. Mimi nilitaka ile nyekundu inayometameta. Akasema prosesa yangu haiingii mle hata kwa nyundo. Kwa nini anisaidie? Hapa kuna jambo.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeagiza ile ya Idarus. Si kwa kumtii! Ile nyekundu imeshauzwa.

Jumatatu, 10 Februari
Imefika kwa basi. Idarus mwenyewe alinipokelea Mokowe. Akanionya kwamba hewa yetu ina chumvi na bodi nafuu haina kinga kubwa, kwa hiyo nifunge sanduku vizuri, nilifunike kwa kitambaa, basi. Nisiongeze kitu. Nimerudi nyumbani, nimeunganisha. IMEWAKA! Nimelia. Mama akadhani kuna msiba.

Jumatano, 12 Februari
Kitambaa! Huo ni ushauri wa mtu anayetaka bodi yangu ioze niaibike. Kwetu kitu cha kukaa na chumvi kinapakwa sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua. Mashua ya babu imeishi kuliko babu. Nimekwenda kwa Bwana Famau, fundi wa mashua, nikaomba kopo. Akauliza chombo changu kina urefu gani. Nikasema shubiri moja. Akanitazama sana. Nimepaka bodi yote kwa brashi, nikarudia. Inang'aa kushinda ile nyekundu! Inanuka kidogo. Mama amehamia kwa shangazi.

Ijumaa, 14 Februari
Aibu. Aibu tupu. Nilipotoka na sanduku, paka mmoja alinifuata. Nilipofika kwa Mzee Barka, walikuwa paka wa mtaa mzima. Nikawasha. Ikawaka! Mzee akatabasamu. Ruwaida akachungulia mlangoni, akatabasamu. Kisha bodi ikapata moto, sifa ikaanza kukaangika, na feni ikarusha matone kwenye kanzu nyeupe ya Mzee. Paka wakamiminika kupitia dirishani. Mmoja akapenya ndani ya sanduku. Cheche, moshi, kimya. Mzee hakufoka, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema tu, "Ndoo utwae paka zako," yaani njoo uwachukue.

Jumamosi, 15 Februari
Idarus ameikagua bodi. Imekufa, vingine vimepona. Hakucheka. Heri angecheka! Alasiri akaja Raihana, dadake Ruwaida. Kumbe Ruwaida ananitaka mimi, si Idarus! Amemlilia babake hadi nikapewa Ijumaa nyingine, ya mwisho. Sharti ni moja: ninunue bodi ya aina ile ile, niiunganishe, nisiipake kitu. Raihana akanitaka niyarudie maneno hayo. Nikayarudia. Akanitaka niyarudie tena.

Jumatano, 19 Februari
Nimeuza simu, bodi mpya imefika, na inafanya kazi barabara. Nimeizima. Nimekaa nikaitazama. Chumvi bado iko hewani, na anayesubiri ni mke wangu mtarajiwa. Nimetafakari kosa langu kwa unyofu, nami nimeliona: papa. Paka gani ataacha kumfuata papa? Mtu mwenye akili hujifunza. Nimenunua samli safi ya ng'ombe, haina harufu ya samaki hata chembe. Inayeyuka jikoni sasa hivi. Brashi nimeiosha. Ruwaida atafurahi!