Uzinduzi wa Jiko Lisilokula Mkaa

Hotuba kamili ya Mkurugenzi wa Idara ya Ubanaji wa Matumizi ya Kaya, aliyoitoa mbele ya wakazi katika uwanja wa ofisi ya mtaa, kama ilivyonaswa na kipaza sauti ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika kutokana na majukumu mazito; mheshimiwa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa pamoja na shemeji yetu, mkewe, aliyetupokea kwa tabasamu; waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, wa Kamati Ndogo, na wa Kamati ya Kuratibu Kamati hizo mbili; viongozi wa dini mlioketi kivulini, na viongozi wa dini mliokosa kivuli; wataalamu, wadau, na waandishi wa habari mliotumiwa gari; wazee wangu, mama zangu, kaka zangu, dada zangu, na ninyi wengine wote ambao itifaki haikuwataja lakini moyo wangu umewataja: habari za mchana!

("Nzuri!" kutoka viti vya mbele tu.)

Sijasikia upande wa nyuma. Habari za mchana!

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Si nzuri. Jiko langu liko wapi?" Vicheko.)

Nafurahi kuona kwamba wananchi mna hamasa, kwa maana mradi usioulizwa maswali ni mradi usiokuwa na wadau, na huu ni mradi wenye wadau wengi kuliko viti, kama mnavyojionea wenyewe ninyi mliosimama. Mtakumbuka, ndugu zangu, kwamba kabla ya mvua kuanza, lori la Idara lilipita katika mtaa huu nyumba kwa nyumba, na kila kaya ikakabidhi jiko lake la mkaa, kuukuu, lililopinda, lenye kutu, kwa makubaliano kwamba Idara itairudishia jiko jipya la kisasa linalotumia nusu ya mkaa. Huo ndio Mradi Unganishi wa Mageuzi ya Nishati ya Kaya na Ujenzi wa Utamaduni wa Akiba, uliofanyiwa upembuzi yakinifu, ukafuatiwa na warsha ya uelewa, ikafuatiwa na semina elekezi, ikafuatiwa na semina ya kutathmini kama semina elekezi ilielekeza.

(Mzee mmoja, fundi viatu: "Mwanangu, majiko yetu hayakuwa na taabu. Taabu ilikuwa bei ya mkaa." Makofi kutoka nyuma.)

Mzee wangu, umelenga palepale, na kama ungekuwapo katika warsha ungetunukiwa cheti.

(Mwanamke aliyeuliza mwanzo anapenya hadi mbele. Ni muuza chai wa pale gereji. Kanga yake inanuka moshi, na macho yake ni mekundu. "Mheshimiwa, nisikilize kidogo tu. Tangu mlichukue jiko langu napika kwa kuni, juu ya mawe, kwenye baraza. Kuta zimekuwa nyeusi. Leo asubuhi mwenye nyumba ameniambia, akiona tena moshi kesho, nifungashe virago. Nina watoto, na chumba ni hicho hicho kimoja. Mimi jipya silitaki. Nipe lile lile langu, lenye kijiko mlangoni.")

Lenye nini, mama?

("Kijiko cha chai. Kishikio kiling'oka, nikakunja kijiko changu nikakifunga kwa waya. Karani wenu alilicheka mpaka akakaa chini.")

Mama yangu, nimekusikia, na maoni yako yameingia katika kumbukumbu. Maelezo ya kiufundi kama hayo ya vijiko huwa tunayapokea kwa maandishi, katika nakala tatu, siku za kazi. Naomba urudi nyuma, au usimame hapo hapo pembeni bila kuziba kamera.

Sasa nije kwenye takwimu, maana serikali isiyohesabu haiwezi kujisifu. Wataalamu wetu walirudi katika mtaa huu baada ya zoezi la ukusanyaji, wakaingia jikoni, wakachungulia magunia, wakapapasa masizi kwa vidole vyao wenyewe, na wakabaini jambo ambalo limeishangaza hata Kamati Kuu: matumizi ya mkaa yameshuka kwa asilimia tisini na nne. (Makofi, viti vya mbele.) Narudia, tisini na nne! Tulilenga hamsini. Na haya yote, ndugu zangu, yamepatikana hata kabla jiko jipya halijafika, jambo linalothibitisha kwamba mradi mzuri huanza kufanya kazi wakati ungali unafikiriwa.

(Dada mmoja mshonaji, kwa sauti: "Mkaa tuuweke wapi, kwenye sahani?" Vicheko virefu.)

Aidha, wataalamu walibaini kwamba kaya nyingi sasa zinakula chakula cha moto mara moja tu kwa siku, hatua kubwa sana ya kinidhamu, ambayo nchi nyingine hulazimika kuifundisha shuleni.

Lakini akiba, ndugu wananchi, haiishii jikoni. Akiba ni mtazamo. Idara imeandaa mwongozo wa familia, na kwa kuwa kuuchapisha kungekuwa matumizi, nitausema kwa mdomo. Kwanza taa. Kuna nyumba hapa taa inawaka chumbani ilhali wote wako uani. Huo ni ufujaji, na ufujaji ni adui wa maendeleo. Dereva! Dereva, usizime gari. Acha lingurume hivyo hivyo, ndani kusiingie joto. Nilikuwa nasema, zimeni taa. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe. Yapige deki, kisha yamwagilie mchicha. Nguo ikichanika ishonwe, na ikichanika tena ishonwe juu ya ushonaji. Sabuni ikatwe vipande. Sukari ipimwe na mama mwenyewe, asiachiwe baba. (Vicheko vya akina mama. Shemeji, mke wa Mwenyekiti, anampiga mumewe bega.) Na chakula kitafunwe polepole, kwa maana mtaalamu wetu wa lishe amethibitisha kwamba tonge likitafunwa kwa muda mrefu, tumbo hudhani limekula mawili.

(Bibi mmoja, mstari wa pili: "Baba, mimi meno sina. Kipengele hicho umenirukaje?")

Bibi, makundi maalumu yatashughulikiwa katika awamu ya pili.

Na hapa naomba niguse suala la vyombo, ambalo mimi binafsi nililitetea katika Kamati hadi koo likakauka. Familia ya watu sita haihitaji vikombe sita. Ya nini? Watu sita hawana kiu kwa wakati mmoja. Kikombe kimoja kinatosha: anakunywa mkubwa, anampokeza anayemfuata, mpaka kinamfikia mdogo. Kinaokoa sabuni, kinaokoa maji, na kinajenga mshikamano. Kikombe kimoja, nyumba moja! Nawaomba waandishi wa habari mlichukue hilo kama lilivyo.

(Kalamu zinakimbia. Mpambe anamwekea Mkurugenzi chupa ya nne ya maji, anaondoa ya tatu ikiwa nusu.)

Na sasa, waheshimiwa, umefika wakati ambao mtaa huu umeusubiri kwa uvumilivu mkubwa. Chini ya kitambaa hiki cha buluu lipo jiko la kwanza la mradi. Limebuniwa na wahandisi wetu, likapimwa katika maabara, na likapita kila hatua ya udhibiti wa ubora. Namwomba Mwenyekiti avute ncha hiyo ya kitambaa, mimi nivute hii, tutazame kwenye kamera. Moja, mbili, tatu!

(Kitambaa kinang'ang'ania kidogo, kana kwamba kimegandishwa, kisha kinaachia. Jiko linang'aa, rangi ya fedha. Kidole gumba cha Mwenyekiti nacho kinang'aa. Makofi.)

Tazameni! Tazameni miguu hii mitatu, ambayo mmoja wake umefupishwa kwa makusudi ya kitaalamu ili majivu yaelekee upande mmoja. Tazameni ubavu huu, jinsi mikunjo yake inavyosambaza joto. Na zaidi ya yote tazameni mlango, ambao kishikio chake kimechongwa kwa ubunifu wa hali ya juu, kikawa na umbo la kupendeza linalofanana na... linalofanana na...

(Muuza chai: "Kijiko.")

...linalofanana na kijiko, ahsante mama.

("Linafanana na kijiko kwa sababu ni kijiko, mwanangu. Huo mguu mfupi ulivunjwa na pikipiki, na huo ubavu niliugongagonga mwenyewe kwa jiwe. Hilo ni jiko langu!" Uwanja unalipuka. Fundi viatu: "Ni lake! Mimi ndiye niliyempa ule waya!")

Utulivu! Naomba utulivu! Ndugu wananchi, mfanano ni jambo la kawaida katika sayansi. Wahandisi wetu waliagizwa kuzingatia mazingira ya mtumiaji, na wakayazingatia kwa kiwango ambacho, nakiri, kimevuka matarajio. Haimaanishi kwamba... Mama, usipande jukwaani. Mama, jukwaa hili lina utaratibu wake. Askari!

(Askari wa mtaa, ambaye hunywa chai yake pale gereji kila asubuhi, anatazama viatu vyake.)

Mama, sampuli hiyo inatakiwa mtaa wa jirani kesho, kwa uzinduzi mwingine, na keshokutwa mtaa unaofuata. Ratiba imekwisha sainiwa. Ukiichukua, tutazindua nini?

("Zindueni kitambaa." Anaweka kata ya kanga kichwani, anainua jiko, anajitwisha. Viganja vyake vimekuwa vya fedha. "Nipisheni, jamani. Mwenye nyumba anapita jioni." Watu wanampisha. Vigelegele, kutoka nyuma hadi langoni.)

Sawa. Sawa, ndugu wananchi. Naomba tupokee kwa pamoja tukio hili la kihistoria, kwamba mnufaika wa kwanza wa mradi amekabidhiwa jiko lake mbele ya umma, kwa hiari, kwa uwazi, na hata usafirishaji ameugharimia mwenyewe! Jiko lililoletwa ni moja, lililogawiwa ni moja. Utekelezaji umefikia asilimia mia moja. Karani, andika hivyo.

(Makofi, viti vya mbele. Nyuma wanauliza kwa pamoja: "Na yetu?")

Nitalifikia hilo katika shukrani. Kwanza kaulimbiu, tuseme kwa nguvu. Mimi nikisema "Bana matumizi," ninyi mseme "Jenga kaya." Bana matumizi!

("Rudisha majiko!")

Bana matumizi!

("Rudisha majiko!")

Ahsanteni, hamasa ipo, maneno tutayarekebisha. Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru hakumbukwi wakati wa bajeti. Nawashukuru wajumbe wa kamati zote tatu, waliokaa vikao hotelini, mbali na familia zao, wakitafakari jinsi familia zenu zitakavyobana matumizi. Namshukuru kwa namna ya pekee mfanyabiashara wa vyuma chakavu, yule aliyevaa kofia pale, simama wakuone, ambaye alijitolea kuyanunua majiko yenu yote kwa kilo, papo hapo, lori likiwa bado linanguruma, na hivyo kuziwezesha warsha, semina, mahema haya na kipaza sauti hiki kupatikana bila kuigusa bajeti.

(Mwenye kofia hasimami. Anavua kofia.)

Nawashukuru wahandisi wa mradi, ambao tungaliwaajiri kama fungu la kuwaajiri lingalikuwapo. Hakuna jiko lililotengenezwa, ndugu zangu, na hapo ndipo ilipo siri ya mafanikio yetu, kwa sababu mradi wa akiba unaotumia fedha kutengeneza vitu ungejipinga wenyewe. Tumeokoa gharama zote za utengenezaji! Namshukuru dereva wa lori, aliyegundua kwamba jiko moja lilikuwa limebaki nyuma ya tairi la akiba. Na mwisho namshukuru fundi rangi, aliyelipata jana jioni na kulikabidhi leo, ingawa tumelifunika kabla halijakauka.

Waheshimiwa wa viti vya mbele, baada ya maneno haya itifaki inatuelekeza kwenye chai. Wengine wote, mtawanyike kwa amani. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Mpambe anamnong'oneza. Kipaza sauti kinanasa kila neno: "Mheshimiwa, chai hakuna. Tuliagiza kwa yule mama wa gereji. Amesema alikuwa anasubiri jiko.")

Nimearifiwa kwamba kuna mabadiliko madogo ya ratiba. Waheshimiwa, tutatembea. Ni hapo tu, ng'ambo ya barabara. Dereva, gari lisizimwe.

(Mbele ya gereji mkaa umeshashika, na rangi ya fedha inababuka ubavuni mwa jiko ikinuka. Jirani zake wamejipanga foleni, kila mmoja na sufuria yake mkononi. Muuza chai anawatazama waheshimiwa wanavyosogea na suti zao, kamati moja nyuma ya nyingine. "Karibuni, chai ipo. Mtasubiri hawa wamalize kupika, jiko ni moja. Na kikombe pia ni kimoja, Mheshimiwa. Anza wewe, kisha umpokeze anayekufuata.")