Ndagala Nilizomlisha Minista

Jumanne, tarehe 4 mwezi wa sita

Suruali ya pili imechanika! Minista, mbwa wa Papa Thaddée, ananichukia. Mimi namtaka Naomie, binti wa nyumba ile, na mbwa ndiye mlinzi wa mlango. Papa Thaddée alicheka, akasema mbwa wake anajua watu. Na Gaspard, daktari wa mifugo wa Luberizi, anayemtaka Naomie vilevile? Analambwa mikono! Anamdunga sindano kila mwaka na bado analambwa. Dunia haina haki.

Nina mpango. Kesho namnunua Minista kwa chakula.

Jumatano, tarehe 5

Asubuhi, soko la Mulongwe. Ndagala za kukaanga, dagaa zile za kunywea bia, zimefunikwa chumvi. Muuzaji alinionya kwamba hata walevi huzila mbilimbili. Nikachukua mfuko mzima.

Nilizirusha karibu zote juu ya ua. Minista alikula mpaka vumbi. Akanitikisia mkia! Nikaingia na suruali nzima, nikakaa kitini kama mkwe.

Baada ya saa moja mbwa alimaliza beseni la maji, akatapika juu ya viatu vya kanisani vya Papa Thaddée, akaanza kuyumba. Mama yake Naomie akapiga kelele: "Karuho! Wamemupa imbwa yetu karuho!" Hapa kwetu tumbo likiuma tu, ni karuho, sumu ya mtu. Jirani akafika mbio na chupa ya mawese, eti yanaua sumu. Mwingine akaja na jagi la maji ya chumvi, ili mbwa atapike tena.

Chumvi juu ya chumvi! Nikinyamaza, Minista anakufa. Nikisema, ndoa imekwisha. Niliogopa kweli. Mbwa akanitazama, ulimi nje, kana kwamba hana rafiki mwingine. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Musimupe chumvi! Iko nayo ya kutosha! Ni minye nilimupa ndagala!"

Papa Thaddée akauliza, kwa upole wa kutisha, kama zimebaki. Zilikuwemo mfukoni, konzi moja. Desturi ni kwamba mleta kitu huonja kwanza mbele ya macho ya watu. Nikatafuna konzi nzima, wamenizunguka. Hakuna aliyenipa maji.

Kisha aibu yenyewe: ilibidi nimpigie Gaspard simu. Akasema mawese hapana, chumvi hapana, vidole kooni hapana. Maji safi, kidogo kidogo, kila mara, na kwa kuwa mbwa anayumba, anakuja mwenyewe. Alifika kwa pikipiki, akamtundikia dripu ya serum. Hali yangu hakuiuliza.

Alhamisi, tarehe 6

Minista amelazwa kwa Gaspard. Siku nzima nimemshikia bakuli la maji. Gaspard alieleza mara nne kwamba chumvi nyingi huharibu ubongo wa mbwa, na mara zote nne Naomie alikuwepo. Mbwa hajaanza kutetemeka, asante Mungu. Nililia kidogo. Nilisema ni moshi.

Jumamosi, tarehe 8

Amepona! Ananifuata mpaka chooni. Papa Thaddée amesema mimi ni mjinga, lakini mjinga asiyejificha, na kwamba wazee wangu wanaweza kuja kuzungumza mahari. Gaspard aliangalia chini. Raha iliyoje!

Limebaki jambo moja: nikamwone shangazi yake Naomie, Mama Pudentienne, huko Kamanyola. Asipokubali yeye, hakuna ndoa. Naomie alinieleza kwamba shangazi iko na tension, presha ya damu, na daktari amemkataza vyakula fulani. Sikusikiliza mpaka mwisho, nilikuwa nafikiria zawadi. Wageni wengine humpelekea ndizi. Watu wasio na akili! Mimi nimenunua makayabu, samaki wakavu wawili wakubwa, weupe kwa chumvi. Nitakaa naye mezani mpaka awamalize.