Clovis Hanipiti

Jumamosi, 5 Juni 2010. Rinkeby.

Clovis amekuja kwa mara ya pili. Viatu amevivua mlangoni. Sambusa amekula, akashukuru. Ninapozungumza haninyanyulii macho. Anatengeneza lifti za majengo, anaimba kanisani, na bibi yake kule Uvira alimlea sawasawa. Nimemtafutia kosa jioni nzima, sikulipata, na hilo ndilo linaloniudhi.

Anataka kumwoa Alliance, binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Halafu ampeleke Alby. Alby! Laini nyekundu ya treni! Sisi hapa tuko laini ya buluu. Nibadili treni katikati ya jiji kama mgeni ili nikamwone mwanangu!

Tangu mama yake afariki tumekuwa wawili mezani. Nikifikiria kukaa pale na sahani moja, naacha kula. Nimewaambia nitafikiri.

Jumapili, 6 Juni.

Alliance ana dawa ya kila kitu. Anasema mimi na Clovis hatufahamiani, basi twende wote watatu Ufaransa, tukaendeshe baiskeli mashambani kando ya mfereji. Clovis ana klabu yake ya baiskeli, hushindana kabisa. Na mimi je, si nimemsimulia Alliance tangu utotoni mwake jinsi nilivyokuwa nikiteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama hadi Bujumbura? Nilisema ndiyo papo hapo. Kufikiri nimefikiri baadaye.

Kuteremka niliteremka kweli, lakini kazi ilifanywa na mlima. Kupanda, nilishika lori kwa nyuma kama kila mtu. Kukanyaga pedali kwenyewe, sikumbuki kama kulikuwepo sana.

Hata hivyo nimepata mpango! Nimecheka peke yangu bafuni. Baada ya ibada niliwaita mbele ya Mama Emérithe, kiongozi wa kwaya, awe shahidi. Nikatamka: siku Clovis atakaponipita kwa baiskeli, siku hiyohiyo natoa ndiyo. Asiponipita hadi mwisho wa mfereji, aende zake salama. Alliance alicheka, akasema Clovis ataniacha kabla sijafunga kofia. Clovis hakucheka. Anajua ninachokijua. Aliyelelewa na bibi kama yule hamtangulii baba mkwe njiani. Hata kwenye ngazi za treni husubiri nipande kwanza.

Nikajiambia: Anastase, wewe si mtu wa mchezo!

Jumamosi, 12 Juni.

Mazoezi. Nimezunguka uwanda wa Järva kwa baiskeli ya jirani. Bata bukini wawili walivuka mbele yangu bila haraka yoyote, nikawasubiri. Nimerudi nyumbani nikiwa nimeisukuma kwa mkono. Makalio yananiuma hata mahali nisipojua kwamba panaweza kuuma. Keshokutwa tunapanda ndege.

Jumanne, 15 Juni. Ufaransa.

Tambarare! Hakuna mtu aliyenionya kuhusu tambarare. Ngano kushoto, mfereji kulia, na mbele hivyohivyo hadi jicho linachoka. Hakuna mteremko hata mmoja! Mtu akiacha kukanyaga, anasimama. Nimekanyaga leo kuliko ujana wangu wote.

Lakini Clovis hajanipita. Nilipopunguza mwendo, naye alipunguza. Niliposimama nikajifanya natazama bata, naye alisimama nyuma yangu akatazama bata. Watoto wa shule walitupita. Bibi mmoja mwenye mikate kikapuni alitupita, akatutakia siku njema. Alliance aliuliza kama tunakwenda mazishini. Aliuliza kwa Kiswidi, kama afanyavyo anapoanza kuudhika.

Mtego umenasa! Nimelala kitandani kwa tumbo, maana mgongo na sehemu jirani hazigusiki, lakini nina furaha.

Jumatano, 16 Juni.

Upepo. Unatoka mbele kutwa nzima, na nchi hii haina hata kilima cha kuukatiza.

Nimegundua jambo baya. Anayetangulia ndiye anayepigwa na upepo wote. Wanaomfuata wamekingwa, tena mgongo wangu si mwembamba. Mimi natweta huko mbele, wao wako nyuma yangu kama wamekaa sebuleni. Wanazungumza! Wanacheka! Nimesikia Clovis akimsimulia habari za bibi yake kwa Kiswahili, na Alliance akimjibu kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili! Mimi ananijibu kwa Kiswidi tangu aanze shule. Kumbe nimeazima mgongo wangu ili watu wachumbiane vizuri.

Jioni Clovis amenimwagia maji ya kunawa kabla ya chakula, kwa mikono miwili, mbele ya Wafaransa wote. Nilikula kwa hasira. Kuku alikuwa mtamu, sina la kusema.

Alhamisi, 17 Juni.

Mpango mpya: boti. Mferejini hupita boti ndefu za kubeba mchanga, polepole, zikielekea tunakoelekea. Mtu aliyeshika malori ya Bugarama ashindwe na boti?

Nilingoja kwenye lango la maji, pale boti inaposimama hadi maji yajae ndipo ifunguliwe. Nilimsalimu nahodha kwa Kifaransa changu cha shule. Alipogeuka, nikafunga kamba nyuma ya boti yake, na ncha ya pili nikaifunga kwenye usukani wa baiskeli. Tukaondoka. Raha! Upepo ukawa si neno. Nilikuwa kijana tena, nikizungusha miguu kwa ajili ya watazamaji tu. Nyuma nikamsikia Alliance akiniita. Nikampungia mkono.

Lori hufuata barabara. Boti hufuata maji. Penye daraja njia ilikata kushoto, boti ikanyooka. Nimeingia mferejini na baiskeli, kofia na heshima yangu yote.

Nilipiga kelele kwamba nazama. Clovis aliruka na viatu. Alinishika kwapani, akanisimamisha, na tukaona wote kwamba maji yananifika kiunoni. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniomba radhi kwa kunigusa. Goti la kulia limejigonga kwenye mawe, limevimba kama embe.

Alliance alikuwa analia. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniuliza kwa Kiswahili: Papa, mimi ningebaki na nani? Swali hilohilo nimekuwa nikijiuliza mimi tangu Clovis avue viatu mlangoni kwetu.

Ijumaa, 18 Juni.

Siku ya mwisho ya mfereji. Upepo uleule. Goti halikunjiki, lakini nilipanda baiskeli kwa sababu ya kiburi. Nilikanyaga kwa mguu mmoja hadi nguvu zikaisha. Nikasimama. Mnara wa kanisa la kijiji cha mwisho ulikuwa unaonekana mbele, juu ya ngano. Nyuma yangu breki zilifinywa. Clovis naye amesimama.

Nikageuka. Nikamwambia anipite. Nilisema wazi, Alliance akisikia: pita, kijana, mimi nimechoka, upite umchukue.

Alikataa! Aliinamisha macho, akasema hawezi kunipita hata nikimruhusu, bibi yake angesikia huko aliko. Ila kunisukuma, alisema, si kunipita. Kama nitamruhusu kunigusa.

Nilimruhusu. Aliweka mkono mgongoni mwangu upande mmoja, Alliance akaweka wake upande wa pili, tukaondoka. Sikukanyaga hata kidogo. Mkono wa mwanangu ulikuwa wa moto. Nilimfundisha baiskeli nikimshika mgongo hivyohivyo, nyuma ya jengo letu, naye akinipigia kelele nisimwachie. Nimelia njia nzima. Kwenye upepo kila mtu hutokwa machozi, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Kijijini niliingia wa kwanza. Clovis alikuwa nyuma yangu kwa urefu wa mkono wake. Kwa sharti nililotamka mbele ya shahidi, ameshindwa kabisa. Nikawaambia sharti ni langu, nalivunja nikitaka. Nikampa ndiyo. Alipiga magoti palepale barabarani. Gari la maziwa lilitusubiri.

Nimemwambia Alliance kwamba ninampenda. Kwa kawaida hatusemi hivyo sisi. Leo nimesema.

Jumapili, 15 Agosti. Rinkeby.

Arusi imepita, watu walikula wakasaza. Sasa mezani kuna sahani moja. Siku za kazi ni ngumu, sifichi.

Lakini Jumapili! Baada ya ibada wanakuja kutoka Alby na baiskeli zao ndani ya treni, wanabadili katikati ya jiji bila kulalamika. Wananitoa nje kwa sababu ya goti langu. Baiskeli ni nzuri kwa goti, na peke yangu siwezi kukanyaga, maskini. Mkono mmoja huku, mkono mmoja huku, tunazunguka uwanda wa Järva wote. Halafu wanakaa hadi chakula cha jioni, sahani tatu. Daktari alisema nilipona mwezi uliopita. Ni kijana mdogo sana yule, sikuona haja ya kuwasumbua wanangu na maoni yake. Kwa majira ya baridi nafikiria iniume nyonga.

Leo haraka ya furaha imeniponza. Nilishuka ngazi kuwapokea nikichechemea mguu wa kushoto. Alliance alifungua mdomo. Clovis akamgusa kiwiko, naye akaufunga. Kisha Clovis akaniinamia, akaniuliza kwa heshima zote leo ni goti lipi.

Nimemwambia ni yote mawili.