Maua Mekundu ya Mzee Lebrec

Jumatatu, 15 Juni 1891
Mchoraji mwenzangu Honorine na mimi tunachora shamba moja la majani ya ng'ombe yaliyojaa maua mekundu, la Mzee Lebrec, kwa mtindo mmoja: nukta, nukta, nukta. Maua ya Honorine yanawaka moto. Yangu ni surua tupu! Nikamwuliza siri. Akacheka, akasema nakoroga rangi mpaka zinakuwa tope. "Nyekundu na kijani ziache zikae majirani tu, Bwana Fulgence. Jicho ndilo litakalozifungisha ndoa." Jumamosi anakuja mnunuzi kutoka Paris. Atachukua mchoro mmoja. Ole wangu.

Jumatano, 17 Juni
Wazo! Maua yasipokuwepo, Honorine hamalizi. Nikamwendea Lebrec na chupa ya pombe ya matofaa, nikamwambia mvua inakuja, afyeke mapema. Akauliza tangu lini nimekuwa ng'ombe nikajua habari za majani. Lakini akanywa. Akakubali.

Alhamisi, 18 Juni
Kufika adhuhuri, shamba limenyolewa kipara. Ushindi! Nikaketi kumalizia mchoro wangu. Lo! Na mimi nitachora maua gani? Honorine hakulia. Akanipa tyubu yake ya rangi nyekundu. Eti kwake haina kazi tena, labda mimi bado nina maua kichwani. Afadhali angenizaba kofi.

Jumamosi, 20 Juni
Mnunuzi aliniuliza kama nilichora nikiwa na homa. Mbele ya mchoro wa Honorine alivaa miwani. Nusu ya chini, turubai tupu. Akasikitika, akaondoka mikono mitupu. Nikausogelea: chini ya miti, nukta za buluu na za machungwa, hazina maana. Nikarudi nyuma. Mungu wangu, ni mimi! Kofia yangu, kitambi changu, mwanga unanichezea mabegani kama niliyebarikiwa. Honorine akasema alinitia humo makusudi. Eti bonde zima halikuwa na kivuli kizuri kuliko changu. Mchoro haukuuzwa, kwa hiyo anahamia kwa dada yake, mjini Rouen. Nikafungua kinywa nikiri. Nikasema joto limezidi leo.

Jumapili, 21 Juni
Sikwenda kanisani. Nimeketi pale Honorine alipokuwa akikaa kuchora. Majani yaliyofyekwa yamegeuka dhahabu, vivuli vyake zambarau. Angeyapenda. Nikaanza barua ya kumwomba radhi. Maneno yakagoma. Nikaandika nyingine: Mzee Lebrec yu mahututi, anatamani Honorine amchore kabla hajakata roho. Ana huruma yule, atakuja mbio. Barua imekwisha kwenda. Kilichobaki ni kumshawishi Lebrec alale kitandani.