Bakuli la Buluu na Vifuu vya Bi Twaiba

Jumatatu, 3 Agosti

Nimefika Kinondo, huku Pwani, kwa mama mdogo Dianah. Wote nyumbani wanadhani ni likizo. Ni utafiti! Mwalimu Ndolo, mlezi wa Klabu ya Lishe shuleni kwetu Machakos, amesema atakayebadili lishe ya nyumba moja kwa siku saba ndiye atakayekuwa mwenyekiti. Masila ameshatangaza kwenye kundi la klabu kwamba nyanya yake ameacha sukari. Siku ya kwanza! Nyanya gani huyo?

Nyumba yangu nimeichagua: ya jirani, Bi Twaiba. Sauti ya mbuzi ya kukunia nazi haikomi. Nimechungulia kwenye ua wa makuti na kuhesabu vifuu jaani. Vinane, yaani nazi nne. Kwa siku moja! Kwa watu watano!

Jumanne, 4 Agosti

Mpango: kufundisha kwa mfano. Kwa maneno siwezi. Nikisimama mbele ya mtu mzima huishia kutazama vidole vya miguu yangu. Nimepika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe. Mafuta hakuna. Chumvi ya kusingiziwa. Nimejaza bakuli la buluu la mama mdogo, nikapiga hodi kwa Bi Twaiba, nikasema shikamoo, nikamkabidhi, nikakimbia. Hotuba yangu ya kurasa mbili ilibaki mfukoni.

Jumatano, 5 Agosti

Bakuli limerudi. Limejaa mahamri na mbaazi za nazi! Aliyelileta ni Hasina, binti wa Bi Twaiba, rika langu. Nikadhani amekosea nyumba. Mama mdogo akasema nile, kukataa ni kumvunjia jirani heshima. Nimekula mahamri mawili kwa ajili ya vipimo. Kisha manne, kuhakikisha vipimo. Maoni: iliki imo. Tui zito. Hatari tupu. Nimelifuta bakuli kwa kidole.

Kosa nimeliona: muthokoi ulikuwa mchache.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimepeleka bakuli pomoni. Jioni limerudi na wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nyuma yake sahani ya kaimati kutoka kwa Mama Issa wa nyumba ya tatu, ambaye sijawahi hata kumsalimia! Hasina akaniambia, huku akiuma midomo asicheke, kwamba mamake amewatangazia majirani kuna mtoto wa watu kutoka bara, tumbo linamsumbua, anakula vya kuchemsha tu, maskini, na hicho kidogo chake bado anagawa. Mimi, mgonjwa! Nilitaka kukanusha. Mdomo ulikuwa na kaimati.

Masila anasema nyanya yake sasa ameacha na chumvi.

Jumamosi, 8 Agosti

Maafa! Vifuu vya leo ni kumi na vinane. Nazi tisa! Nimehesabu mara mbili.

Nikamuuliza Hasina kulikoni. Akashika kiuno. Wee Nzisa, kwani kwenu hamjui kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu? Kila nikileta bakuli, mamake huinuka kukuna. Nikitaka apumzike, basi niache kuleta. Nikauliza kama muthokoi wangu angalau wanaupenda. Akawatazama kuku. Kuku wamenenepa.

Nililia kidogo. Hasina akanivuta tukakune pamoja. Nimekalia mbuzi kwa mara ya kwanza, nikakuna nazi nusu na kidole kimoja. Tulicheka hadi Bi Twaiba akatoka kuuliza hiyo nazi ina vichekesho gani. Kisha akanishika shavu. Alhamdulillahi, akasema, mgonjwa wangu rangi imemrudia.

Jumapili, 9 Agosti

Siku ya ripoti. Mwalimu Ndolo ameandika kundini kwamba amemkuta nyanya yake Masila kanisani, kikombe cha chai mkononi, akitia kijiko cha tano cha sukari. Nafasi ni yangu, lakini nazi ni tisa!

Nimefikiri mpaka mchana. Kisha mwanga! Nazi tisa zinakunwa kwa Bi Twaiba. Sita, kwa makadirio yangu, huja kwetu bakulini. Kwao hubaki tatu. Walianza na nne. Nne zimekuwa tatu! Nimepunguza robo nzima ya nazi! Nimeandika kwa wino kwenye fomu ya klabu, nikaipiga picha na kutuma.

Fomu haikuuliza zile sita zimekwenda wapi. Wala haikuuliza kuhusu sketi yangu ya kanisani, ambayo leo imekataa kufunga. Hewa ya bahari hupunguza vitambaa. Nitalichunguza.

Mwalimu amejibu: hongera, mwenyekiti!

Kesho narudi. Hasina amesema nisipike kitu, niende tu kuaga, mamake atafurahi zaidi. Hasina ni rafiki mwema, ila sayansi haijui. Kwao bado zimebaki nazi tatu.

Muthokoi uko motoni. Sufuria kubwa.