Kigurudumu cha Dripu

Jumatatu, 3 Machi
Vidole vimekakamaa tena. Siku nzima nimeshona suruali moja, nayo mguu mmoja mfupi. Daktari kasema Jumatano nikawekewe dripu ya kingamwili, dawa ya viungo, kuanzia saa nne asubuhi. Saa tatu za dripu, kisha saa moja ya kukaa niangaliwe. Maji ya chupa tu! Muda huo mimi namaliza gauni la bi harusi.

Na Jumatano hiyohiyo, saa tisa mchana, mafundi cherehani tunachagua mwenyekiti. Nami nagombea, na asiyefika hapigiwi kura. Vifungo, fundi wa duka la mkabala, asiyejua hata kunyoosha pindo, atakuwa mlangoni tangu saa sita akishika watu mikono. Lazima nitoke mapema.

Jumanne, 4 Machi
Vifungo kaja kunipa pole. Eti afya kwanza, vyeo niwaachie wao. Mnafiki! Meno yote nje.

Mke wangu kanisomea karatasi ya hospitali. Nikiwa na homa, niseme kabla. Nikiwashwa, nikitetemeka au kifua kikibana, niite muuguzi papo hapo. Dripu nisiiguse. Nimemwambia hayo wameandikiwa waoga. Kasema basi nimeandikiwa mimi.

Jumatano, 5 Machi
Muuguzi kanipima joto na presha, kafungua dripu. Tone. Kimya. Tone. Kasema ya kwanza huenda taratibu, ili mwili ukiikataa waone mapema. Nikaitikia ndiyo, dada.

Kwenye mpira wa dripu pana kigurudumu. Nilikielewa mara moja: hiki ni pedali ya cherehani. Muuguzi kageuka, nikakikanyaga kwa kidole gumba. Matone yakapiga mbio kama sindano kwenye shuka!

Shingo ikaanza kuwasha. Nikajikuna kwa adabu. Mzee wa kiti cha pili kauliza mbona masikio yamevimba. Nikamjibu ni ya ukoo. Kifua kikabana. Nikajua ni furaha ya ushindi. Mzee akabonyeza kengele yangu! Nani kamtuma?

Wakaja mbio, wakafunga dripu, wakanichoma sindano, wakanivisha oksijeni. Muuguzi kauliza nani kagusa kigurudumu. Nikasema labda upepo. Kayatazama madirisha. Yote yamefungwa.

Walipoianza tena, ilikwenda taratibu kuliko mwanzo. Nimetoka saa kumi na mbili jioni. Muuguzi kanikumbusha kwamba ningetulia, saa nane ningekuwa nje. Mwanamke huyu hana haya.

Alhamisi, 6 Machi
Mwenyekiti ni Vifungo. Kapita bila kupingwa. Kaniletea machungwa kwa niaba ya chama. Nimeyala kwa hasira.

Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Mengi! Dripu ya pili ni baada ya wiki mbili, na muuguzi kaapa atakizungushia kigurudumu plasta. Plasta, kwa fundi nguo! Nimeshanoa mkasi mdogo, unaenea mfukoni mwa shati.

Na nitaomba kiti mbali na yule mzee.