Mei-Mei Ana Nywele Fupi

Jumatatu, 5 Januari 2026. Aziziya, Jeddah.

Lazima Winfred ashindwe. Naandika hapa nisije nikabadili nia.

Yeye ni mfanyakazi wa ndani kama mimi, yuko Riyadh, kwa familia yenye watoto wakubwa, na muda anao. Anasimulia tamthilia ya Kituruki kwenye kundi letu la WhatsApp, Chai ya Saa Kumi. Wanawake wanamsikiliza huku wakiosha vyombo, kutoka Tabuk hadi Jizan. Kazi hiyo niliianzisha mimi: unatazama, unasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, kisha unaeleza yote kwa Kiswahili, kila mhusika na sauti yake, kama wale jamaa wa vibanda vya video nyumbani. Sasa watu wanasema Winfred analia machozi ya kweli. Hata mimi naweza kulia. Sina tu nafasi.

Dawa nimeipata. Tamthilia ya Kichina. Wanafunzi wawili, mji wa milimani, mvua haikatiki, dawati moja. Mmoja ni mrefu na mkimya, mwana wa muuza tambi. Mwingine ana miwani na anajua kila kitu isipokuwa kuogelea. Nikawaita Mrefu na Miwani. Wiki jana nilitangaza kundini kwamba haya ni mapenzi ambayo hawajawahi kusimuliwa. Nilikuwa nimetazama sehemu ya kwanza tu. Nilidhani watagombania msichana.

Leo madam amelala baada ya chakula cha mchana, nikatazama hadi sehemu ya nne. Msichana hakuja. Nilimsubiri kwa uaminifu kabisa. Kila mlango ukifunguka nasema ndiye huyu, kumbe mwalimu wa hesabu. Mwishowe Mrefu akamshika Miwani mkono chini ya dawati, muziki ukaanza, nikaelewa.

Nikakaa juu ya kikapu cha nguo kufikiri. Kundini yuko Mama Hannah, anayetuombea kila alfajiri na ambaye neno lake ni sheria. Nyumbani yuko madam, anayeweza kuichukua simu hii wakati wowote. Riyadh yuko Winfred, anayengoja nianguke. Kurudi nyuma? Mafi, hakuna, kama wasemavyo huku.

Basi Miwani ni msichana. Anaitwa Mei-Mei. Nimempa sauti nyembamba na kicheko cha aibu. Nimesimulia huku nikipiga pasi, na hakuna aliyeuliza kitu.

Jumatano, 7 Januari.

Winfred ameuliza.

Ametafuta picha ya tamthilia mtandaoni na kuirusha kundini. Akaandika kwamba huyo Mei-Mei ana nywele fupi, suruali, na kidude cha kooni cha kiume. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Nikaacha kisu, nikafuta mikono.

Nikajibu kwamba Mei-Mei ni mtoto wa shule. Ni nani kati yetu ambaye hakunyolewa akiwa shule? Suruali ni ya baridi ya milimani. Kuhusu koo nikasema ni kivuli.

Zeinab, aliye Makka na asili yake Kwale, akaniokoa bila kujua. Akasimulia jinsi mwalimu mkuu wao alivyokuwa akisimama langoni na mkasi. Mwingine akasema kwao walipimwa kwa kijiti cha kiberiti: nywele zikipita kijiti, unarudishwa nyumbani. Adhuhuri yote ikaisha kwa habari za vichwa vilivyonyolewa. Winfred aliandika kwamba Waturuki wake wana nywele zinazoonekana. Hakuna aliyemjibu. Ushindi.

Lakini kuna jambo lanisumbua. Katika sehemu ya sita, wale wawili hawaambiani neno lolote la mapenzi. Mrefu anamenya yai la kuchemsha, anampa mwenzake kiini, yeye anakula ute. Basi. Mimi kundini nimemfanya aseme nakupenda mara tatu na kupiga goti. Watu wamefurahi. Nami nimekaa hapa nafikiria lile yai, na sijui kwa nini naona nimewaibia wale vijana kitu.

Alhamisi, 8 Januari.

Emmaculate ameniandikia faraghani. Huyu tulisoma naye Nairobi kwenye chuo cha kufundisha wafanyakazi wa ndani, tukipokezana fagio la umeme. Sasa anasafisha ofisi Al-Murabba, Riyadh, na analala kwenye nyumba za kampuni. Mtu mpole. Hajawahi kuandika chochote kundini isipokuwa amina.

Ameandika kwamba anajua Miwani ni mvulana.

Kwanza nikajua ametumwa na Winfred. Nikakana. Nikasema macho yake yamechoka na sabuni za ofisini. Kisha nikabadili mbinu nikampa cheo: awe msaidizi wangu, atangaze muda wa kila sehemu. Akasema hataki cheo. Anataka nimwambie hadithi ilivyo.

Kisha akanitumia ujumbe mrefu wa sauti. Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, Derrick, tangu mama yao afariki. Mwaka jana huko kwao Bungoma walimkuta na rafiki yake, mvulana mwenzake. Wajomba wakatoa godoro lake nje. Sasa yuko Nakuru, kwa fundi mmoja wa magari. Kabla ya Krismasi alimtumia Emmaculate hii tamthilia na maneno machache: itazame yote, kisha nipigie. Usiponipigia nitakuwa nimejua. Tangu hapo kimya.

Emmaculate aliacha shule darasa la sita. Ameitazama kwa macho hadi sehemu ya tisa, lakini yale maandishi yanakimbia kabla hajayamaliza. Aliposikia naisimulia kundini, alishukuru Mungu. Akawa ananisikiliza kila siku ili amwelewe ndugu yake. Nami nikampa Mei-Mei.

Nikaandika kwamba nitamsomea yote, neno kwa neno. Nilimaanisha. Dakika moja baadaye nikawaza kwamba sasa nina mtu wa uhakika Riyadh, kambi ya Winfred. Akili yangu haijui kupumzika.

Jumamosi, 10 Januari. Riyadh.

Shule zimefungwa, tumekuja kwa dada yake madam. Huku kuna baridi ya kuuma masikio.

Sikumwomba madam ruhusa ya kumwona Emmaculate. Ukiomba unaweza kunyimwa. Niliwaambia watoto kwamba kwenye bustani ya makumbusho, Al-Murabba, kuna ngamia mweupe wa kupandwa. Wakamsumbua mama yao hadi akasema yalla, twendeni. Hakuna ngamia. Mdogo alilia kutoka langoni hadi kwenye nyasi, na mkubwa akaniangalia kwa jicho la mtu mzima.

Emmaculate akaja kwa miguu, ovaroli ya kampuni chini ya koti. Nikamtambulisha kama dada yangu. Madam na dada yake walikuwa wametandika mkeka wao, wakampa kahawa na tende, wakatuacha tukae pembeni huku watoto wakicheza mpira. Tukagawana waya wa simu, sikio moja kila mtu. Tukaanza na sehemu ya tisa kwa sababu hiyo ndiyo aliyoitaka.

Ni ile ya mamake Miwani. Fundi wa cherehani, anaishi peke yake na mwanawe. Amekwisha kuambiwa na majirani habari za wale wawili. Mwana anaingia, na mama hapigi kelele. Anamuuliza kama amekula. Anampakulia bakuli. Akimaliza kula, mama anaosha lile bakuli, analifuta, kisha anasema: toka, na usirudi hadi uwe kama watu wengine. Anafunga mlango. Mrefu amesimama nje kwenye mvua na mabegi yote mawili.

Nilisoma bila kubadilisha sauti. Emmaculate akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza kama yule mama ni mtu mbaya. Mimi ambaye huwa na jibu hata la swali ambalo halijaulizwa, nilirudisha picha nyuma nikamtazama tena yule mama. Nikasema nadhani anaogopa.

Ndipo akaniambia. Derrick alimpigia siku ile ile godoro lilipotolewa. Na yeye akamjibu kwamba kwanza apatane na wajomba, ndiyo waongee. Akakata simu. Alisema alikuwa na ndoo mkononi na msimamizi nyuma yake, lakini hiyo si sababu. Aliogopa, basi. Sasa anataka kumpigia na hajui aanzie wapi. Anataka aone sehemu ya mwisho, jinsi yule mama anavyofungua mlango, ajue watu husemaje.

Nilimwambia kesho kutwa nitamsomea. Alinishika mkono. Mikono yake imepasuka kwa dawa za sakafu. Niliona aibu juu ya Mei-Mei, aibu ya kweli.

Jumatatu, 12 Januari. Riyadh.

Sehemu ya mwisho haipo.

Tamthilia nzima haipo. Imeondolewa. Ukiifungua unaona ukurasa wa kijivu na maandishi ya Kichina. Nimetafuta kila pahali ninapopajua, kisha nikajishusha nikamuuliza Winfred, kwa sababu yeye hujua vichochoro vyote vya mtandao. Akasema halas, imekwisha, wameifuta, hata yeye ameikosa.

Hata yeye? Kumbe alikuwa akiitazama. Akakiri alilia kwenye lile yai. Akasema atanyamaza kuhusu Mei-Mei nikimwachia Alhamisi zote kundini. Nikakubali. Kwa mara ya kwanza nilimpenda kidogo, nikajizuia.

Mchana Emmaculate akaandika. Tayari?

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Nimelifikiria nikiwa chumba cha kufulia cha dada yake madam, pasi mkononi. Lakini nilimwona yule kijana wa Nakuru, simu mezani, anangoja. Na dada yake anangoja Mama wa Kichina amfundishe kusema. Wote wananingoja mimi, mwongo wa kundi.

Nikabonyeza kitufe. Nikasema mama anatoka asubuhi, nguo ameivaa ndani nje kwa haraka. Anamtafuta stendi, anamtafuta shuleni, anamkuta kwenye kibanda cha tambi, amekaa na Mrefu. Haombi msamaha. Hajui kuomba. Anasema tu kwamba supu inapoa. Kisha anamtazama Mrefu na kusema: wewe pia, njoo, umekonda mno. Nikaendelea. Nikaeleza njia waliyopita, nani alitangulia, nani alibeba mwavuli. Nililia machozi ya kweli, na hakukuwa na mtu wa kumwambia Winfred.

Nikasikia harufu. Kanzu ya mwenye nyumba, nyeupe, mpya, ina alama ya pasi mgongoni. Dada yake madam amepiga kelele za kusikika Jeddah. Madam alinyoosha mkono tu. Naandika haya bila simu.

Alhamisi, 15 Januari. Jeddah.

Nimerudishiwa simu leo. Niliifungua nikiogopa.

Alimpigia. Siku ile ile. Derrick alipopokea, Emmaculate alisahau yote aliyopanga, akabaki na ya kwangu. Akamwambia chakula kinapoa. Akamuuliza kama amekula, na kama rafiki yake amekula, na kama amekonda. Kijana alimwacha amalize. Kisha akasema, dada, hivyo sivyo inavyoisha.

Yeye aliiona kabla haijafutwa. Mlango haufunguki. Mama anahamia mji mwingine na kumwachia jirani ufunguo. Miaka inapita. Wale wawili wanapishana kwenye kituo cha treni, na mmoja ana masharubu. Mwisho.

Akauliza hiyo ya supu ameitoa wapi. Emmaculate akasema kuna rafiki yake Jeddah. Derrick akacheka, kisha ikawa haijulikani kama analia au anacheka. Akaomba asimuliwe tena, kuanzia pale mama anapotoka nje, polepole. Akasimuliwa. Kesho Derrick ndiye atakayempigia.

Emmaculate ameniambia wazi kwamba nilimdanganya. Sauti yake haikuwa na hasira, lakini alitaka nijue anajua. Kisha akasema asante. Kisha akaniomba jambo moja: niache uongo kundini. Niwaambie Miwani ni mvulana. Anataka Mama Hannah alisikie hilo kutoka kwa mtu, maana Mama Hannah anatoka kijiji kimoja na wajomba zake.

Nimeahidi. Kutoka moyoni. Uongo nimeuacha.

Ijumaa, 16 Januari.

Nimesema.

Saa kumi, kundi zima likiwa limekaa, nikasema hakuna Mei-Mei. Ni wavulana wawili, tangu mwanzo, na wanapendana. Nikawaambia lile yai lilivyokuwa. Nikawaambia bakuli na mlango. Winfred angeweza kunimaliza hapo. Aliandika tu kwamba ni kweli, na kwamba ni nzuri.

Zeinab akatoka kundini. Wengine wawili wakamfuata. Nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Mama Hannah akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Hakuandika aya ya Biblia. Hakuomba. Aliuliza kitu kimoja. Yule mama, alifungua mlango?

Naujua ukweli. Umenifikia kutoka kwa aliyeuona. Na jana tu niliahidi, kwenye ukurasa huu huu, kwa wino huu huu.

Nikamwambia alifungua.

Akaandika: sawa, endelea.

Hakuna cha kuendelea. Lakini Mama Hannah amesema endelea, na Emmaculate alikuwa anasikiliza, na hakunikatiza. Basi mama amewatandikia kitanda sebuleni. Mrefu ameingia timu ya mbio ya mkoa. Miwani anajifunza kuogelea, na wajomba wanakuja Jumapili na jogoo wa kupatana. Nimesimulia hadi madam akaamka. Sasa niko kwenye sehemu ambayo Wachina wenyewe hawajairekodi.